Kuchagua draivu ya DVD ya nje kwa kompyuta ndogo
Mteja akija dukani kutafuta draivu, ninaanza na umeme, bei baadaye. Draivu nyembamba haina chaja yake. Inakula umeme wa tundu la USB. Tundu la USB 2.0 lina kikomo cha miliampea 500, la USB 3.0 ni 900. Diski inapoanza kuzunguka draivu huweza kutaka zaidi ya 500, na kompyuta ndogo ya zamani ikizidiwa, utasikia draivu inagonga-gonga tu, diski haifunguki. Chukua yenye waya wa vichwa viwili vya USB, uchomeke vyote. Kompyuta yenye matundu ya USB-C peke yake, njoo nayo tujaribu waya kabla hujalipa.

Mimi napendelea draivu ya trei, ile inayotoa kisahani nje ukaweka diski juu yake. Ile ya kumeza diski haifai kwa diski ndogo za sentimita 8, na CD yenye karatasi iliyobandikwa huweza kunasa ndani.

Draivu ya Blu-ray, ile ya diski zinazobeba zaidi ya DVD, achana nayo kama huna diski zake. SuperDrive, draivu ya DVD ya nje ya Apple, ni ya wenye Mac, kompyuta za Apple.

DVD za harusi, zile za GB 4.7, draivu ya kawaida inazisoma. Ila njoo na diski yako iliyochubuka kuliko zote, tuijaribu hapohapo.