Punda aliyeokolewa: jinsi ya kumtunza tangu siku ya kwanza, kwa mazingira ya Tabora

Huku Tabora, mtu akisema ameokoa mnyama wa jamii ya farasi, jua ameokoa punda. Farasi wenyewe ni wachache mno, mbung'o hawawapi nafasi. Punda ndiye anayebeba maji, kuni, mkaa na magunia ya mahindi, na akishachakaa huachwa ajitafutie barabarani au huuzwa kwa anayetaka ngozi yake. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeamua kumchukua punda wa namna hiyo akae naye mpaka mwisho wa maisha yake. Mambo ya siku za mwanzo nimeyaeleza kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo punda aliyeokolewa anapoweza kufa mikononi mwa mtu mwenye nia njema kabisa.

Hatua ya 1: Andikishianeni

Kabla hujamwondoa alipo, nenda na mwenye punda kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Iandikwe rangi yake, jinsia, makovu, nani anamtoa, nani anampokea, na kwamba harudi kazini. Ukivuka wilaya, chukua kibali cha kusafirisha mifugo. Bila maandishi, mwenyewe anaweza kuja kumdai punda akishanenepa, na wewe ukaonekana mwizi.

Sishauri kununua. Ukilipa pesa kwa punda aliyechakazwa, umemwonyesha mwenyewe kwamba kuchakaza kuna faida. Akikataa kumtoa na hali ya mnyama ni mbaya, mwite afisa mifugo wa kata. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda punda kama mnyama mwingine yeyote. Na akitokea mtu wa kuulizia ngozi, ajue kwamba Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuizuia biashara hiyo barani kote.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza mpe kivuli, maji na utulivu

Mtenge na punda wengine, lakini awe anawaona. Mwekee maji safi kwenye ndoo iliyosuguliwa. Punda ana kiu ya kufa na bado atakataa maji yenye harufu ya sabuni au tope. Mtazame kwa mbali kwanza: anasimama kwa miguu yote minne au anaupumzisha mmoja kila mara? Masikio yanafuata sauti au yamelala pembeni?

Kisha pima. Joto la punda mzima ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28. Andika kwenye daftari, asubuhi na jioni. Punda huficha maumivu. Ng'ombe mgonjwa utamsikia, punda atasimama kimya tu kana kwamba amechoka. Punda aliyenyamaza na kuacha kula, hata kwa nusu siku, ni wa kumwitia daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Chakula, polepole

Hapa naomba unisikilize sana. Ukiona mbavu zinahesabika na mfupa wa mgongo umesimama, moyo utakusukuma umjazie pumba na mahindi. Usifanye hivyo. Mwili uliozoea njaa ukipewa wanga mwingi kwa ghafla, madini kwenye damu hushuka, misuli hulegea, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku chache, punda akiwa ndiyo kwanza ameanza kuchangamka.

Kwa siku kumi za mwanzo mpe nyasi kavu safi, konzi chache kila baada ya saa tatu au nne, na usiku pia. Ongeza kidogo kidogo. Majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri yanafaa kuchanganywa, ila yanuse kwanza. Yakinuka uvundo, tupa. Mahindi yaliyoota ukungu ni sumu kwa punda. Huharibu ubongo, akaanza kuyumba na kugonga kichwa ukutani, na hana tiba. Kile "kibovu cha kuwapa mifugo" kisimfikie. Dawa ya minyoo nayo isubiri mpaka daktari apime kinyesi na kuona kama mwili unaweza kuihimili.

Hatua ya 4: Damu

Punda aliyetoka Nzega au Igunga, kwenye mbuga wazi, akiletwa Sikonge, Urambo au Kaliua ameingia kwenye miombo yenye mbung'o. Anayekula vizuri na bado anakonda, homa ikija na kuondoka, mtilie shaka ya ndorobo, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na mbung'o. Fungua kope la chini kwa kidole gumba. Utando wa ndani unatakiwa uwe na wekundu wa afya, ukiwa mweupe damu imepungua. Angalia na uvimbe chini ya tumbo.

Damu ipimwe. Maabara ya mifugo ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) ipo hapa Tabora. Jibu moja la "hakuna kitu" lisikutulize, kwa sababu vimelea huadimika kwenye damu siku nyingine. Rudia. Usichukue sindano ya ng'ombe dukani ukamdunga kwa kukadiria. Diminazini, ambayo wafugaji wengi huitumia kwa ng'ombe, ina madhara makali kwa punda kipimo kikizidi. Dozi aitoe daktari baada ya kukadiria uzito.

Kinga ya kila siku ni kumchungia penye uwazi, mbali na vichaka, na kuweka mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi pembeni mwa malisho. Daktari akiwa hapo, ulizia chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa.

Hatua ya 5: Vidonda na kwato

Vidonda vingi vya mgongoni na shingoni vinatokana na nira. Nira imetengenezewa ng'ombe mwenye nundu. Punda hana nundu, huvuta kwa kifua, kwa hiyo mti unakaa juu ya mfupa mtupu. Chemsha maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, yakiwa vuguvugu mwagia kidonda mpaka uchafu utoke. Oili chafu, majivu na unga wa betri visiguse kidonda. Kikiwa na harufu au mabuu, ni kazi ya daktari.

Kwa kwato, simama begani ukitazama mkia, telezesha mkono kutoka begani hadi chini ya goti, kisha subiri. Usivute. Atahamisha uzito mwenyewe, na utausikia mguu unakuwa mwepesi kiganjani. Shikilia kwa kitambo kifupi, rudisha chini taratibu, msifie. Akishazoea ndipo uchokoe tope kwa kijiti butu, ukitoka kisigino kuelekea mbele. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi kumi na anayejua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, wakati wa mvua, hakikisha pa kusimama ni pakavu, ukwato wa punda hunyonya maji haraka na kuoza. Na awe na paa, manyoya yake hayazuii mvua.

Hatua ya 6: Mwenzake

Punda wa peke yake hufifia. Wakishapendana wawili, wasitenganishwe hata mmoja akienda kutibiwa, wapeleke wote. Mmoja akifa, mwache aliyebaki akae na mwili mpaka aondoke mwenyewe. Anayenyimwa hilo huweza kuzunguka akimtafuta na kuacha kula, na punda akiacha kula, mafuta ya mwili wake hujaa kwenye damu na kumuua. Dume ahasiwe na daktari, kwa ganzi.

Hatua ya 7: Baada ya kupona

Hapa mambo ni mepesi. Anahitaji eneo la vumbi la kugaagaa, miti ya kubandua magome, zizi imara la usiku kwa sababu ya fisi, na mtu wa kumgusa mwili mzima kila siku. Asinenepe kupita kiasi. Shingo ikianza kuwa ngumu na kulala upande, punguza chakula kidogo kidogo, usimkatie ghafla.

Punda wa kilo 150 hula karibu kilo tatu za nyasi kavu kwa siku, yaani kama kilo 540 kwa miezi sita ya kiangazi. Kata Mei, nyasi zikiwa bado na ukijani, zianike, zihifadhi juu ya kichanja chini ya paa. Ukichelewa mpaka Julai au Agosti, moto wa porini utakuwa umekutangulia.