Jinsi ya kufuatilia historia ya magenge ya wizi wa ng'ombe Nzega na Igunga

Anza na ng'ombe. Anayetaka kuandika "uhalifu wa Tabora" wote kwa mkupuo huishia kukusanya visa. Ng'ombe aliyeibwa lazima apite njia fulani, afichwe mahali na auzwe kwa mtu, na hapo ndipo genge linapoonekana.

Hatua ya 1: Barua
Omba kibali kwa barua: halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti. Usiruke ngazi.

Hatua ya 2: Majalada
Nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwa sehemu kubwa ya enzi za Waingereza, Tabora, Nzega na Kahama zilikuwa ndani ya Jimbo la Magharibi. Ukitafuta "Igunga" utakosa mengi, maana ilimegwa kutoka Nzega baadaye. Kahama nayo usiiache kwa sababu tu leo iko Mkoa wa Shinyanga. Andika namba ya jalada papo hapo.

Hatua ya 3: Tarehe za masimulizi
Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usimuulize mzee "mwaka gani?" Akisema "enzi za Nyerere", hiyo ni 1961 hadi 1985. Tumia matukio ambayo kila mtu aliyapitia: kuondolewa kwa watemi, yaani machifu wa jadi (1963), Operesheni Vijiji (1974), vita vya Kagera (1978–79), msako wa wahujumu uchumi (1983). Uliza: "Ng'ombe wale walipochukuliwa, mlikuwa mmeshahamia kijijini? Vijana waliokwenda kupigana na Amini walikuwa wamerudi?" Majibu yakigongana, usichague linalokupendeza. Uliza ni mtoto gani alizaliwa msimu ule, kisha alianza shule lini.

Mtego mkubwa ni mtemi. Mzee anasema, "Mwizi tulimpeleka kwa mtemi," nawe unaandika miaka ya 1950. Lakini sungusungu, walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao walimwita kiongozi wao mtemi. Uliza kama alirithi kiti au alichaguliwa na wanakijiji, na adhabu ilikuwa nini. Kutengwa na kijiji kizima, asisalimiwe wala kuuziwa chumvi, huelekeza kwa sungusungu.

Bunduki nazo zina mtego wake. Si kila bunduki ilitoka vita vya Kagera; uliza kama ilikuwa gobole au ya kijeshi.

Hoji mmoja mmoja. Kikao cha pamoja kije mwisho, kwa kuwa wazee wakikaa pamoja husimulia kile alichosema mwenye cheo.

Hatua ya 4: Karne ya 19
Usiwafanye rugaruga wa Mirambo kuwa genge la kwanza. Walikuwa askari wa mtawala aliyegombania njia ya misafara na hongo yake, yaani ushuru wa kupita. Stanley, msafiri na mwandishi wa habari, alipigana na Mirambo mwaka 1871 akiwa upande wa Waarabu wa Tabora, akamwandika kama jambazi; mwaka 1876 walikutana, wakachanjiana undugu, na Stanley akamsifu. Msomaji wa maandishi ya kwanza peke yake hupotoka.

Hatua ya 5: Mnyororo
Chora nani aliwaelekeza wezi kwenye boma la ng'ombe, nani aliswaga, nani alificha, nani alinunua. Pasipo mnunuzi huna genge, una wizi tu. Mtafute kwa kuuliza habari za minada, wachinjaji, na nani alibadilisha chapa au alama za masikio.

Majina yaandike M1, M2 na kuendelea, kwa kuwa watoto wa watuhumiwa bado wanaishi palepale. Orodha ya majina halisi ikae kwenye daftari jingine, na daftari hilo lisiende kijijini.