Karani wako alivujisha dokezo: ya kuweka sawa kabla ya upekuzi

Mkuu wa kitengo anayesubiri upekuzi wa cheo kipya (yaani kuchunguzwa kama anaaminika kiusalama) huhangaikia madeni na ndugu walioko nje, akamsahau karani wake aliyepiga picha dokezo la siri, maandishi ya ndani ya ofisi, na kulirusha WhatsApp. Hilo litaulizwa. Na hataulizwa kwa nini karani alifanya vile, ataulizwa yeye alijua lini na akachukua hatua gani.

Anza na karatasi. Tafuta barua uliyomtaka ajieleze, taarifa uliyopeleka kwa mkubwa wako, na rejesta ya masijala ya siri (ofisi inayotunza majalada) inayoonyesha nani alichukua jalada na lini alilirudisha. Kama ulimkaripia koridoni tu, kwenye kumbukumbu hukufanya kitu. Usithubutu kuandika barua leo na kuipa tarehe ya mwaka jana: kosa lilikuwa la karani, sasa litakuwa lako, tena la uongo.

Kinachoponza wakubwa wengi, kwa maoni yangu, ni mafunzo. Marekani wameweka hadharani mwongozo wao wa kuamua nani aaminiwe na siri za serikali, unaotumika tangu Juni 2017. Kipengele K kinahusu utunzaji wa taarifa zinazolindwa. Humo, aliyekiuka anaweza kupunguziwa uzito wa kosa akionyesha kwamba hakufundishwa vya kutosha au maelekezo hayakueleweka. Sasa nani alitakiwa kumfundisha? Utetezi wa karani ndio unaomgeukia bosi. Kipengele hichohicho kinahesabu kuwa dosari uzembe unaoendelea hata baada ya uongozi kuonya. Onyo lako la maandishi, basi, ndilo linalotenganisha uzembe wake na wako. Orodha ya waliohudhuria semina, yenye saini, nayo itafutwe mapema (mara nyingi imebaki kwenye droo ya mtu aliyeko likizo).

Kwa waliopokea vitengo Dar wakati ofisi zikihamia Dodoma, soma upya hati ya makabidhiano. Ukisaini bila kuhesabu majalada, upungufu wa aliyekutangulia umeupokea.

Kwenye fomu ya upekuzi, taja tukio hata kama lilimalizwa ndani kwa ndani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inaweka suala la nyaraka za siri kwenye jinai, si utovu wa nidhamu wa kusameheana kwenye chai. Na karani usimpigie simu mkapange maelezo.