Kihispania au Kijapani: Namna ya Kuchagua Kabla ya Kurudisha Fomu ya Masomo

Anayepewa fomu ya kuchagua somo la lugha huwa ameshaambiwa kwamba Kihispania ni mteremko na Kijapani ni mlima. Kipimo hicho kimetoka kwa wazungumzaji wa Kiingereza. Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, hukadiria takriban saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kihispania na saa 2,200 kwa Kijapani, mpaka mtu aweze kufanya kazi kwa lugha hiyo. Wanaopimwa hapo ni watu wazima, kusoma ndiyo kazi yao ya kutwa, na lugha wanayoanzia ni Kiingereza. Anayeota kwa Kiswahili ana hesabu nyingine. Sauti za lugha zote mbili zinampokea vizuri, na sarufi zake zina mambo mengi anayoyajua bila kujua kwamba anayajua. Kinachozitenganisha hasa ni maandishi, pamoja na aina ya kazi ya kila siku ambayo kila lugha inaidai.

Kwanza saa

Chukua ratiba ya shule na kalamu. Vipindi 4 kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, kwa wiki 36, ni saa 96 kwa mwaka. Nusu saa ya kujisomea siku 5 za wiki inaongeza saa 90. Mwaka unakupa saa 186, miaka 4 inakupa 744. Siku za mitihani, za michezo na za mwalimu kuumwa zitakula sehemu yake, kwa hiyo panga kwa 650.

Kwa saa 650 za Kihispania, mwanafunzi anayefanya kazi zake anasoma habari za gazeti kamusi ikiwa pembeni, anaandika barua inayoeleweka na anaweza hata kubishana kidogo. Kwa saa hizohizo za Kijapani anazungumza mambo ya kila siku na kusoma maandishi yaliyorahisishwa, lakini gazeti bado linamshinda. Kanji, yaani herufi za asili ya Kichina ambazo kila moja hubeba maana, zilizoorodheshwa kwa matumizi ya kawaida ni 2,136. Darasa linalokwenda kwa kanji 5 kila wiki linamaliza 180 kwa mwaka, yaani 720 kwa miaka 4, ambayo ni kama theluthi moja. Watoto wa Japani wenyewe hujifunza 1,026 katika miaka 6 ya shule ya msingi, na wao lugha wanayo tayari mdomoni.

Basi kama shule inatoa miaka 2 tu na huna nia ya kuendelea peke yako, chukua Kihispania. Kijapani cha miaka 2 kisichoendelezwa huyeyuka haraka, na kanji ndizo hutangulia.

Kihispania: mlango uko wazi, ngazi ziko ndani

Irabu zake ni tano na ni zilezile zetu. Neno linaloishia na irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyofanya: *casa*, *hablan*, *libros*. Linaloishia na konsonanti nyingine hukazwa mwishoni: *hablar*, *ciudad*. Linalovunja kanuni hizi huwekewa alama, na alama hiyo si pambo: *hablo* ni "nasema", *habló* ni "alisema". Ukizoea kuiacha kwenye daftari la mwezi wa kwanza, mwaka wa pili itakugharimu maksi katika kila sentensi ya wakati uliopita. Herufi *h* haitamkwi kabisa, na *j* hutoka kooni, karibu na kh ya "kheri". Ñ ni ny yetu. Kazi iko kwenye r: *pero* ni "lakini", *perro* ni "mbwa", na kinachoyatofautisha ni ulimi kutetemeka kidogo au sana.

Msamiati nao una ndugu. *Bandera* ni bendera na *mesa* ni meza, kwa sababu sisi tuliyapata kutoka Kireno, lugha jirani. *Azúcar* ni sukari, *hasta* ni hata au hadi, kwa kuwa Kiarabu kilipita huko na huku. Ila usilewe: *pera* ni peasi, si pera.

Mahali ambapo wanafunzi wa Kiingereza hukwama mwaka mzima, wewe unaweza kupita kwa wiki moja kama utakumbuka kutolea mfano kwa Kiswahili. Chukua *ser* na *estar*, vitenzi viwili vya "kuwa". *Es profesor*, *está en casa*, *está cansado*: ni mwalimu, yuko nyumbani, amechoka. Kwa Kiswahili hizo ni njia tatu tofauti za kusema, na Kihispania kinakubaliana nawe kwamba si jambo moja. Ukipitia Kiingereza kwanza zote zinageuka neno moja na unapotea. Au chukua ile hali ya kutaka na kuomba, inayotajwa kama jini la Kihispania: *habla*, anasema, *quiero que hable*, nataka aseme. A ya mwisho imekuwa e, kwao na kwetu. Furaha hiyo inaishia kwenye vitenzi vyenye mwisho wa -ar, kama *hablar*. Vile vya -er na -ir huenda kinyume, *come* ikawa *coma*, *vive* ikawa *viva*. Upatanisho pia hautakushtua: *libro blanco, libros blancos, casa blanca, casas blancas*. Aliyekua na kitabu cheupe na vitabu vyeupe anaona tu kwamba ngeli zimepungua zikabaki mbili.

Pabaya ni mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hutelezea kwenye maneno yanayofanana na kudhani amefika. Kisha wakati uliopita unakuja kwa sura mbili, *hablé* kwa jambo lililotokea na kwisha, *hablaba* kwa jambo lililokuwa likiendelea au la mazoea. Papo hapo vitenzi visivyofuata kanuni vinaingia kwa kundi: *tengo, tienes, tuve*. Dawa ni chungu na fupi. Andika kwa mkono *ser, estar, tener, ir, hacer, decir, poder, querer, venir, poner, saber* na *dar*, nafsi zote sita, wakati uliopo na uliopita, vitenzi 2 kwa wiki. Wiki 6 zinatosha. Zianze likizo inayotangulia mwaka wa pili, si wiki ya mtihani.

Kijapani: mdomo haukuhangaishi, jicho ndilo linafanya kazi

Silabi zake karibu zote huishia na irabu, na neno geni huongezewa irabu kama tunavyofanya: sisi tuna basi, wao wana *basu*. N inaweza kusimama peke yake kama pigo kamili. *Shinbun*, gazeti, lina mapigo manne, shi-n-bu-n, na n hizo ni za jamaa moja na n ya "nchi" na m ya "mtu". Maneno mawili yatakuchekesha siku ya kwanza: *nani* kwao ni "nini", na *mimi* ni "sikio".

Tabia ya kuacha mlangoni ni mkazo wetu. Mswahili huisoma *sakura* kwa kukaza ku, na Mjapani anasikia kitu kimepinda. Gonga meza kwa kidole, kila pigo lichukue muda sawa. Zoezi hilohilo linakusaidia kwenye urefu, ambao hubadilisha maana: *obasan* ni shangazi na *obaasan* ni bibi, *kite* ni "njoo", *kitte* ni stempu.

Kitenzi hakijali nafsi wala umoja na wingi. *Tabemasu* ni nakula, unakula, wanakula, hata nitakula. Vitenzi vinavyohesabiwa kuwa vimekataa kanuni ni viwili, *suru* (kufanya) na *kuru* (kuja). Halafu unakutana na mnyambuliko, na hapo unajisikia nyumbani: *taberu* kula, *taberareru* kuliwa, *tabesaseru* kulisha, *tabesaserareru* kulishwa. Kuhesabu vitu nako kuna harufu ya ngeli: kalamu tatu ni *sanbon*, karatasi tatu *sanmai*, paka watatu *sanbiki*, watu watatu *sannin*. Kinachochukua muda kuzoea ni mpangilio, kitenzi kukaa mwisho: *watashi wa hon o yomimasu*, "mimi kitabu nasoma", na vijineno *wa*, *o*, *ni*, *de* vikionyesha kila kitu kina kazi gani. Lipo pia suala la heshima. *Taberu* ni kula kwa kawaida, *meshiagaru* ni kula kwa mkubwa unayemheshimu. Hilo linakuja baadaye.

Sasa maandishi. Mbali na kanji, Kijapani kina seti mbili za herufi za sauti, kila herufi pigo moja: hiragana, na katakana ambayo hasa ni ya maneno ya kigeni. Hiragana 46 zinahitaji wiki 2 kwa dakika 25 kila siku. Katakana 46 nyingine zinahitaji wiki 2 hadi 3, kwa sababu hazitumiki mara nyingi kwenye kitabu cha mwanzo na ndiyo maana husahaulika. Zinazochanganya kila mtu ni シ (shi) na ツ (tsu). Tazama vistari vidogo: katika shi vimepangwa wima kando ya kushoto, na mstari mrefu unaandikwa kutoka chini kwenda juu. Katika tsu vimepangwa juu kwa mlalo, na mstari mrefu unashuka. Anayezichora bila kufuata mwelekeo wa kalamu hatazitofautisha kamwe, hata kwenye daftari lake mwenyewe.

Kanji moja haina sauti moja. 生 husomwa *sei* katika 学生, *gakusei*, mwanafunzi. Katika 生まれる, kuzaliwa, ni *u*. Katika 生きる, kuishi, ni *i*. Ikisimama peke yake huwa *nama*, bichi. Ndiyo maana kukariri orodha ya sauti za kila kanji ni kazi ya bure. Jifunze kanji ndani ya neno, kadi moja neno moja, upande mmoja maandishi, upande wa pili matamshi na maana. Kadi mpya 5 kwa siku, na za zamani zinarudiwa kabla ya mpya kuguswa. Mwanafunzi anayeruka siku 4 hukuta rundo la kadi za marudio na hukata tamaa hapo, si kwenye sarufi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuendelea kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini. Ukifika wiki ya 5 bado unategemea *tabemasu* badala ya たべます, umeshaachwa nyuma na hujajua.

Jaribio la siku 14

Usichague kwa kusikia. Dakika 25 kwa siku, wiki moja kwa kila lugha.

Wiki ya Kihispania: siku ya 1 na ya 2, *hablar, comer, vivir* kwa nafsi zote sita za wakati uliopo. Siku ya 3, *ser* na *estar*. Siku ya 4 na ya 5, nomino 30, kila moja pamoja na *el* au *la* yake, vijineno vinavyoonyesha iko ngeli ipi kati ya zile mbili. Siku ya 6, sentensi 8 zako mwenyewe. Siku ya 7, funga daftari uandike yote uliyonayo kichwani.

Wiki ya Kijapani: siku 5 za mwanzo, hiragana 5 kila siku, kuanzia a hadi no. Siku ya 6 andika kwa herufi hizo *neko* (paka), *isu* (kiti), *kasa* (mwavuli), *sakana* (samaki), *tsukue* (dawati). Siku ya 7 chora jedwali tupu la visanduku 25 ulijaze.

Kisha usiguse chochote kwa siku 7, ujipime tena. Utakuwa umesahau mengi kwa lugha zote mbili. Alama si kitu kikubwa hapa. Angalia siku ya 5 ya kila wiki: ulifungua daftari mwenyewe, au ulikumbushwa? Kihispania hudai ustahimilivu wa kuandika vitenzi vilevile kwa sura nyingi. Kijapani hudai ibada ndogo ya kila siku isiyoruka. Anayependa kuchora, kupanga na kurudia atakipenda cha pili. Anayependa kuongea upesi na kukosea mbele za watu atachoshwa nacho.

Ya kuuliza shuleni

Muulize mwalimu kama darasa la mwaka wa 3 na wa 4 lipo kweli mwaka huu na lina wanafunzi wangapi. Darasa la Kijapani likipungua, shule huunganisha viwango viwili katika chumba kimoja, na kila kiwango hupata nusu ya kipindi. Rudi kwenye hesabu ya saa uigawe kwa mbili.

Uliza pia mtihani. DELE ya Kihispania, inayoendeshwa na Instituto Cervantes, hupima kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na ina toleo la wanafunzi wa shule. JLPT ya Kijapani ina viwango 5, kuanzia N5 ulio chini hadi N1, hufanyika Julai na Desemba (kwingine mara moja tu kwa mwaka), na haina sehemu ya kuzungumza wala ya kuandika insha. Kama mwalimu anafundisha kwa ajili ya JLPT pekee, tafuta nafasi ya kuongea kwa namna nyingine, la sivyo utafaulu ukiwa bubu.

Mwisho, uliza tarehe ya kubadilisha somo. Shule nyingi hufunga mlango huo wiki chache baada ya muhula kuanza, na wiki hizo ni zile ambazo Kihispania kinaonekana rahisi mno na Kijapani kigumu mno. Ukiwa kwenye Kijapani na hiragana zimekaa kichwani kufikia tarehe hiyo, baki. Zisipokaa ilhali ulifanya dakika 25 kila siku, badilisha.