Michezo ya balansi na mtoto wa miaka 3 hadi 5

Kwanza vueni viatu na soksi wote wawili, maana nyayo zikigusa sakafu ndo mwili unajua umeegemea wapi, afu soksi kwenye tailizi zinateleza vibaya. Sogeza na ile meza yenye kona kali.

Sasa laza kamba sakafuni, mwambie hilo ni daraja na chini kuna mamba (mamba ni wewe, ngurumaaa). Aanze kupita kawaida tu, akizoea apite kwa kugusisha kisigino cha mguu wa mbele na vidole vya mguu wa nyuma, baadae kinyumenyume, afu abebe kampira kwenye kijiko. Akiyumba usikimbilie kumshika mkono, kaa karibu ila muache ajirekebishe mwenyewe, hapo ndo balansi inajengeka.

Kusimama mguu mmoja nako kutamu. Wa miaka 3 akifikisha sekunde 2 au 3 mpigie makofi, wa miaka 5 wengi wanaweza kukaribia 10. Akidondoka dondoka mwambie akodolee kitu kimoja ukutani, inasaidia sana. Kufumba macho ni kugumu zaidi, mi naona waachie wakubwa kidogo. Na wewe jaribu, utashangaa nani anadondoka wa kwanza 😂

Siku nyingine pangeni mito wapite juu yake, au wekeni muziki, ukizimwa kila mtu anaganda kama alivyo. Dakika 10 zinatosha, akianza kununa acheni.