Todoist kwa mtu wa Mombasa: kwanza mahali, halafu tarehe

Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari ana Todoist, programu ya orodha za kazi, kwenye simu, ameijaza kazi, na kila asubuhi akiifungua anakutana na msururu mwekundu wa kazi zilizopitwa na tarehe. Mimi natunza hesabu za biashara ndogo: maduka ya Mji wa Kale, hardware Likoni, nyumba za kupangisha Nyali. Nimewaona wengi wakiiacha programu hii wakisema haiwafai, na nikitazama orodha zao karibu kila mara nakuta jambo lile lile. Kila kazi imepewa tarehe, hata ile isiyo na siku yake.

Hatua ya kwanza: ondoa tarehe zisizo za kweli

Fungua ukurasa wa Today. Juu utaona kundi la Overdue na kitufe cha Reschedule. Usikiguse. Kitufe hicho hubeba kundi zima na kulihamishia siku nyingine, na siku hiyo nayo ikifika inakulemea vile vile. Pitia kazi moja moja, ujiulize: isipofanyika siku hiyo, nani ataumia, au nitatozwa nini? Kuwasilisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kuna jibu, kwa sababu mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. "Muulize fundi bei ya rafu" haina jibu. Kazi kama hiyo ichagulie No date.

Hapa ndipo nikimsaidia mtu tunapokaa muda mrefu zaidi. Watu huona uchungu kuondoa tarehe, wakidhani wanaitupa kazi yenyewe. Haitupwi. Hatua inayofuata ndiyo itakayoileta mbele yako wakati unapoweza kuifanya.

Hatua ya pili: lebo zifuate maji

Anayeishi kisiwani anajua kwamba kuvuka ni shughuli inayojitegemea. Ukishapanda feri kwenda Likoni, unataka umalize kila kilichoko Likoni kabla hujarudi. Ukivuka Daraja la Nyali jioni, hutaki kukumbuka ukiwa umefika nyumbani kwamba ulipita mlangoni kwa mteja aliyekuwa na risiti zako. Kwa hiyo lebo zangu za mahali ni nne: @kisiwani, @likoni kwa upande wa kusini, @nyali kwa kaskazini, na @changamwe kwa yote yaliyo ng'ambo ya Makupa, hadi stesheni ya treni ya SGR kule Miritini. Nimeongeza @simu, @kompyuta na @nasubiri, basi. Kama kazi ni ya dharura, zipo alama za p1 hadi p4. Haina haja ya kuitungia lebo.

Ukiandika kazi, maliza kila kitu katika mstari mmoja:

Chukua risiti za mwezi kwa mzee wa hardware @likoni #Wateja

Alama ya @ inaweka lebo, # inaitia kazi kwenye mradi wake.

Wateja wangu wengi huagiza kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. "Dada, ile ankara ya saruji usiisahau, tafadhali." Ujumbe kama huo ukiuacha kwenye WhatsApp utazikwa na salamu na picha za harusi kabla ya magharibi. Usikilize, kisha andika utakachofanya, ukianza na kitenzi: "Linganisha ankara ya saruji na malipo ya M-Pesa @kompyuta". Todoist hupokea kazi hata simu ikiwa haina intaneti, kisha huzisawazisha mtandao ukirudi, kwa hiyo hata katikati ya kivuko unaweza kuandika.

Hatua ya tatu: vichujio

Kichujio ni orodha inayoonyesha tu kazi zinazotimiza masharti uliyoyaandika. Akaunti ya bure ina kikomo cha vichujio, kwa hiyo tengeneza vichache vinavyofanya kazi. Nenda Filters & Labels, ongeza kichujio kipya, kiite Likoni, na uandike:

@likoni & (no date | today | overdue)

Alama ya & inataka masharti yote mawili; | inakubali lolote kati yake. Sasa ukisimama kwenye foleni ya feri, fungua kichujio hiki na utaona kila unachoweza kufanya ng'ambo, chenye tarehe iliyofika au kupita na kisicho nayo. Yule fundi wa rafu tuliyemwondolea tarehe, kama yuko Likoni, atatokea hapa. Tengeneza kingine kama hicho kwa upande unaouendea mara nyingi.

Cha asubuhi ni hiki:

(today | overdue) & !@nasubiri

Alama ya mshangao huondoa kazi ambazo mpira uko kwa mtu mwingine. Kama umeshamwomba mteja taarifa ya benki, huna la kufanya mpaka ajibu, na kuiona kila asubuhi kunakuchosha bure.

Hatua ya nne: kazi zinazojirudia

Hatua hii naipenda kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Kuna njia mbili za kuirudisha kazi, na zinatofautiana kwa alama moja tu.

"every 20th" huhesabu kwa kalenda. Hata ukimaliza tarehe 17 au 22, kazi itarudi tarehe 20. Hii ni ya mambo ya serikali: PAYE (kodi ya mishahara) mwisho wake ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20, ritani ya mwaka ya mtu binafsi tarehe 30 Juni.

"every! 6 weeks", ikiwa na alama ya mshangao, huhesabu kuanzia siku uliyoimaliza. Itumie kwa mambo yanayohitaji nafasi kati ya moja na jingine: kusafisha vumbi na chumvi ya hewa ya pwani kwenye feni ya kompyuta, kumjulia hali mteja aliyenyamaza. Ukimpigia leo kwa kuchelewa, hakuna maana programu ikutume tena wiki ijayo.

Kwa kodi, usiweke kazi siku ya mwisho. Weka siku ya kuanza. Kwa VAT nina "Omba ankara kwa wateja" kwa "every 8th", kisha "Wasilisha VAT" kwa "every 15th". Tarehe 20 yenyewe naiandika kwenye maelezo ya kazi tu.

Jambo dogo la saa: programu haisomi saa zetu. Mteja akikwambia saa nane mchana, andika 2pm.

Hatua ya tano: mapitio ya Alhamisi

Mimi hupitia orodha Alhamisi jioni, kwa sababu Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa swala na simu hazipokelewi. Tafuta kazi za zamani kwa:

no date & created before: -30 days

Kila inayotokea ama ifute, ama igawe iwe ndogo. Kisha pitia @nasubiri na uwakumbushe wanaohusika usiku huo huo.

Hatua ya sita: Ramadhani

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kila kitu katika kazi yangu: saa za maduka, mikahawa inayofunga mchana, wafanyakazi wanaohitaji mishahara kabla ya Idi. Ukiweka maandalizi yake kwa "every year" yatakosea, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku 11 hivi. Iandike kazi ya "Panga ratiba ya Ramadhani na wateja", ianze wiki tatu kabla ya mwezi unaotarajiwa, na kujirudia kwake uandike "every 354 days". Itateleza kwa siku moja hivi kila miaka mitatu, nayo kwa kazi ya maandalizi haina madhara. Tarehe ya Idi yenyewe usiirudishe kwa namna hii. Iandike kwa mkono mwezi ukishaandama.