Kupiga upya lipu ya chokaa kwenye ukuta wa matumbawe

Jengo la forodha hukaa pale mizigo inaposhukia, hivyo ukuta wake hunywa chumvi mwaka mzima. Nyumba za zamani za Mikindani, mji wa pwani mkoani Mtwara, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kinachoziharibu haraka kuliko bahari ni saruji ya mafundi wa leo. Unyevu ukipanda kutoka ardhini, chokaa huuachia utoke. Saruji huufungia ndani. Chumvi inaganda nyuma yake, na jiwe linamomonyoka huku lipu ikionekana nzima.

Kwa jengo linalolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964, anza na kibali.

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia uwazi, lipu imeachia. Ing'oe kwa patasi na nyundo ndogo, kamwe si kwa grainda, kisha chokonoa viungo vya mawe hadi milimita 20. Chumvi ifagie ikiwa kavu, maana ukiiosha inarudi ndani. Ziba kwanza paa linalovuja na punguza udongo uliorundikana chini ya ukuta, la sivyo kazi yote ni bure.

Chokaa iliyochomwa itie kidogo kidogo kwenye pipa la chuma lenye maji. Usimwage maji juu ya chokaa: itaruka ikichemka, na jicho haliponi kirahisi, kwa hiyo vaa miwani. Ichuje, iache chini ya maji mwezi mmoja au zaidi. Miezi mitatu ni bora. Changanya ndoo 1 ya chokaa na 3 za mchanga wa mto wenye chembe kali. Mchanga wa ufukweni ni karibu na ni bure, lakini unarudisha chumvi uliyohangaika kuiondoa.

Lowesha ukuta, jaza mashimo kwa vipande vya matumbawe, kisha piga safu ya milimita 10. Ikwaruze, subiri ikaze, ndipo uongeze ya pili. Funika kwa magunia mabichi, nyunyizia maji siku 7. Chokaa hukomaa polepole kwa kunyonya hewa ya kaboni, na bila unyevu haiwezi; jua likiiwahi inakuwa unga. Nyufa nyembamba zinatokana na maji mengi au safu nene.

Malizia kwa chokaa nyepesi, mikono 4, si rangi ya plastiki. Vichwa vya boriti za mikoko usivifukie kwa lipu. Acha nafasi ya hewa, la sivyo vinaozea humo humo ukutani.